Ngumu, Upande B

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa tisa na dakika kumi alasiri, anti alisukuma mlango kwa kiwiko, mikono yote miwili imekumbatia katoni. Anti ni mdogo wake mama. Alikuwa amekaa nasi mtaani Mowlem mwaka mzima, akilala kitanda kimoja na mimi na kushona mifuko ya suruali katika kiwanda cha nguo. Ndani ya katoni mlikuwa na kaseti. Albamu yake.

"Leta redio," akaniambia. "Na usicheke."

Sikucheka. Hakukuwa na gitaa wala kinanda. Kulikuwa na cherehani za kiwandani zikikimbia pamoja, mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko wakilia kwa mbali, maji yakimiminwa mtungini, na juu ya hayo sauti ya anti mara tatu, ikijijibu yenyewe. Alikuwa ameirekodi mjini, kwenye studio yenye kuta zilizobandikwa trei za mayai. Asubuhi hiyo muuza kaseti wa stejini, kwenye kituo cha matatu, alisikiliza kidogo akamrudishia. "Siste, hii imeliwa na mashine. Karekodi tena."

Vijana wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga walipita dirishani. "Niaje anti! Leo mnachinja?"

Anti alicheka kuwashinda. Mimi niliipenda kaseti ile, nikaona haya kuipenda.

Kisha akageuza upande B. Wimbo wa kwanza ulikuwa na neno moja tu, likizunguka bila kupumua: ngumu, ngumu, ngumu. Neno hilo lilikuwa langu.

Nilikuwa kidato cha pili, mtu wa kutosema na watu, na kila kitu nilikiandika kwenye daftari lililokaa chini ya godoro. Ili mama asilisome niliandika kinyume, tulivyojifunza shule ya msingi: soko ni koso, shule ni leshu. Baba na mama hawapinduki, hao niliwaacha walivyo. Na Mungu, ukimpindua, anakuwa ngumu.

Nilijiambia mtaani kila mtu husema maisha ni ngumu, labda ni hilo tu. Lakini tangu hapo nilimchunguza anti kama askari. Mbona kila asubuhi alikunja blanketi kabla yangu? Mbona aliimba wimbo puani akilitazama godoro? Jioni nikaandika uongo wa kumtega: *Anti ana sauti ya zimbu.* Nikalirudisha daftari mahali pake, nikaenda kuchota maji, nikakawia makusudi.

Jumapili, kwenye chai, anti alininyooshea kikombe. "Zimbu anaomba sukari," akasema, kisha akalia mee.

Mama aliuliza zimbu ni nini. Nikasema sijui. Nilitaka kumrukia anti pale pale. Kusoma ni kitu kimoja; huyu alikuwa amelichukua neno langu akaliimba, na kesho lingekuwa mdomoni mwa kila mtu.

Saa kumi alasiri mama mwenyekiti wa ushirika wa kanisa letu alikuja na akina mama wawili. Mwaka ule uvumi wa waabudu shetani ulikuwa kila mahali, hata bangili iliyookotwa iliogopwa, na vijana wa ploti walikuwa wamevumisha kwamba nyumba yetu ina kaseti inayolia kama mbuzi. Mwenyekiti alikaa karibu na redio, sikio limeinama.

"Rudisha nyuma. Tena. Hapo! Mnasikia? Hii haisemi ngumu. Inasema Mungu, Mungu, lakini amekatwa katikati."

"Mama, ni ngumu," anti akasema. "Kazi ngumu."

"Kazi ngumu, na mbuzi wa nini?"

"Mbuzi ni wa Kiamaiko, mama. Mnawala kila Krismasi."

Mmoja wa wale akina mama aliguna kicheko akakimeza. Mwenyekiti hakucheka. "Binti, nani alikufundisha kumpindua Mungu?"

Anti alinitazama mara moja, haraka. Nikatazama miguu yangu. Angeweza kusema, *ni huyu hapa*. Hakusema. Alisema, "Hakuna aliyenifundisha."

Basi ikaamuliwa: Jumatatu jioni ushirika ungerudi kuombea nyumba na kuzichoma kaseti zote. Wageni walipotoka, mama alimwambia anti bila kumtazama, "Na wewe tafuta pa kulala. Nina mtoto hapa." Mtoto huyo ni mimi.

Anti hakunilaumu hata tulipolala. Alivuta tu blanketi upande wangu.

Asubuhi nilimkuta mama jikoni akipampu jiko la stovu. Anti alikuwa bado anavaa. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa Juni, baba alipoachishwa kazi akarudi kijijini kwao magharibi, nikasoma kwa sauti huku nikiyapindua maneno yakae sawa. *Mungu hanisikii. Mungu, Mungu, Mungu. Nimemwomba baba apate kazi, na mama aache kulia jikoni akidhani mlio wa stovu unafunika sauti.*

Mama aliacha kupampu.

"Hapa nimeandika ngumu," nikamwonyesha kwa kidole. "Ni mwandiko wangu. Anti alilitoa hapa."

Nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma, hata pale nilipomtukana mama mwenyewe.