Siku Tuliyompata Tobiti

Kila Jumamosi alasiri mimi huwafundisha katekisimu watu wazima wa parokia yetu, hapa kisiwani Mombasa. Laptopu yangu ina programu ya Biblia, na kwa miaka mingi nilikuwa nikihifadhi ndani yake kila ukurasa wa Kikatoliki nilioupenda mtandaoni: mahubiri, nyaraka za mapapa, maandishi ya mababa wa Kanisa. Kuhifadhi nilihifadhi. Kupanga sikupanga.

Jumamosi moja mwanafunzi wangu, mpakuaji mizigo bandarini, mtu wa miraba minne, aliinua mkono.

"Mwalimu, nasikia kuna kitabu cha Tobiti. Hebu tukione."

Biblia iliyokuja na programu ilikuwa ya Kiprotestanti, haikuwa nacho, na ule ukurasa wa Tobiti niliouhifadhi ulikuwa umezama katikati ya mamia ya mengine. Robo saa nzima nikibonyeza, jasho likinitoka. Darasa likanihurumia, na huruma ile ikaniuma kuliko kicheko.

Nyumbani Buxton nikamsimulia mke wangu, ambaye huuza mboga katika soko la Marikiti. Akaniuliza kurasa zenyewe zimepangwaje.

"Zimejipanga zenyewe, kwa tarehe."

"Mteja wangu haniulizi bamia zimefika lini," akasema. "Huniambia leo anapika nini."

Basi nikaanza upya. Wiki nzima, nikitoka kazini, nilitengeneza folda kwa maswali ya wanafunzi wangu: Ubatizo, Ndoa, Kuwaombea Marehemu. Kando ya aya za Biblia nikabandika kurasa za katekisimu zinazozieleza; ukigusa aya, maelezo yanafunguka. Biblia yenye vitabu vyetu vyote nikaiweka juu kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyehamia nyumba mpya.

Jumamosi iliyofuata nilibonyeza mara moja tu, Tobiti huyo! Mpakuaji akaomba asome mwenyewe, kwa sauti yake nene. Alipofika pale kijana Tobia, mwana wa Tobiti, anapoanza safari na malaika, akasita.

"Jamani, hata mbwa yumo! Anawafuata!"

Tulicheka hadi machozi. Muda wa darasa ukaisha, hakuna aliyeinuka. Mama anayetunza sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, akaja na funguo zake kufunga darasa, akasimama mlangoni akisikiliza, kisha akavuta kiti.

"Na huyo mbwa alirudi?" akauliza.

"Subiri, mama," mpakuaji akamjibu, macho hayatoki kwenye kioo. "Usinikimbize."