Nodi yangu ilivyonifanya nimwite mtu mwongo

Leo nimemwita mtu mwongo mbele ya watu saba, kumbe alikuwa anasema kweli.

Kompyuta yangu hapa dukani Palma ni nodi ya blokucheni, yaani moja ya mashine nyingi zinazotunza daftari moja la malipo la pamoja. Inatunza nakala ya mnyororo mzima na kukagua kila malipo. Nimeinunua kwa jasho langu.

Asubuhi Bi Zaituni, muuza pweza mkavu, kaja na mnunuzi wake wa Mtwara nimkagulie malipo. Mnunuzi anasema ameshalipa. Nikatazama kwenye mashine. Hakuna kitu.

"Kaka, huo uongo," nikamwambia.

Bi Zaituni akashusha magunia yake manne kutoka gari la mnunuzi.

Mnunuzi akatoa simu yake: malipo yamethibitishwa mara arobaini.

Kumbe tangu juzi mtandao umebadilisha kanuni. Nodi isiyo na toleo jipya haizimiki wala haikuonyi. Inazikataa bloki mpya, yaani kurasa mpya za malipo, na kuendelea na mnyororo wa zamani, ambao wengi wameshauhama. Taa yangu ilikuwa kijani muda wote.

Tangazo lilikuwepo wiki mbili, kwa Kiingereza, na huku kwetu antena ya simu ilikuwa chini siku tisa. Halafu mnauita mtandao wa wote?

Sawa, nami nina kosa langu: kanuni ya dukani kwangu ni kwamba mashine inayofanya kazi haiguswi, basi toleo jipya sikuliweka.

Nimemwomba mnunuzi radhi. Kapakia magunia, kamwambia Bi Zaituni asimtafute tena.

Mama wa watu kanigeukia: "Mwanangu, nilikuja kwako kwa sababu mimi sina mashine. Sasa ya kwako nikaikague kwa nani?"