Gunia la Chokaa Juu ya Mafiga ya Bibi

Hapana jamani, sijalewa. Ule moshi mliouona leo kule mahameni, kwenye tembe tuliyoiacha tulipohamishiwa kijijini, ni chokaa yangu!

Niliificha pale, nyuma ya mlango. Gunia zima la chokaa mbichi, ile ikipata maji inachemka bila moto. Si mnazijua biashara zangu.

Asubuhi mvua ikanyesha, paa likavuja. Moshi huo!

Mama akaangua kilio. "Bibi yako anapika. Tumemwacha kaburini peke yake, anatuita. Leo narudi kwake, hao mgambo wanaotukataza kurudi wanipige tu."

Nikacheka. "Mama, marehemu hapiki. Twende ukaone chokaa."

Tukafika. Nyuma ya mlango hakuna kitu.

Gunia liko jikoni, juu ya mafiga ya bibi, linatokota kama uji.

Utani ukaniisha, mimi!

Mama akapiga goti. "Shikamoo, mama." Halafu akanigeukia. "Haya, chokaa ni yako. Kaiinjika nani?"

Mpaka sasa kakaa pale jikoni, hataki kutoka.

Basi tufanye hivi: twende, wewe hapo ingia umtoe mama yangu kabla mgambo hawajafika, chokaa yote chukua.

Mimi nitakusubiri nje, pale kwenye jua.