Sanduku la Chapati Limepatikana

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kwa unyenyekevu mkubwa natangaza kwamba sanduku letu lililopotea safarini Las Vegas limepatikana. Ni zima kabisa.

Mnakumbuka juzi nililaumu shirika la ndege hapa hapa kundini kwetu, nanyi mkanipa pole.

Sanduku hilo ndilo lililokuwa bajeti yetu ya chakula. Ndani yake mlikuwa na chapati hamsini, mke wangu alizipika Jumamosi nzima ili pesa ziende kwenye hoteli yenye bwawa la watoto.

Basi siku nne tumetazama chemchemi za bure na mataa ya kasino tukiishi kwa tambi za kumwagia maji moto.

"Baba Neema, una hakika ulilikabidhi kaunta?" mke wangu aliuliza.

"Kwani mimi ni mtoto?" nikamjibu. Kwa ukali, nakiri.

Leo tumetua Minneapolis. Nikafungua buti ya gari tulilokuwa tumeliacha uwanjani, nikakuta ile mizani tunayojipimia uzito bafuni.

Neema alianza kucheka kabla sijaelewa.

Tulipofika nyumbani Woodbury, sanduku lilikuwa gereji, chapati zimekakamaa kwa baridi kama mabati.

Ukweli ni huu. Asubuhi ya safari nililishusha garini nilipime mara ya tatu, tusije tukatozwa uzito uliozidi. Kisha nikapakia mizani, sanduku nikaliacha.

Zile pole zenu, tafadhali mhamishieni Mama Neema. Amewapashia watoto chapati, na mbele yangu ameweka tambi zilizobaki.