Fundi wa Darubini na Utumbo wa Mbu

Fundi wa darubini ya leza, pale maabara ya Kacyiru, hagusi kitu kabla ya kupangusa vidole kwenye koti lake, kimoja baada ya kingine. Siku hiyo mtafiti Gaudiose alitamani kumharakisha. Alikuwa amemletea utumbo wa mbu wake wa mwisho. Matumbo manne mengine yalikwisha fifia chini ya mwanga wa leza kabla hajaona vifuko vya vimelea vya malaria alivyovitafuta mwaka mzima.

"Buhoro, polepole, dada," fundi alimtuliza. "Iko ndani. Tutaipata." Akazungusha kitufe kwa kidole gumba mpaka mng'ao wa kwanza ulipotokea, akaiwekea kompyuta alama ya kikomo cha juu. Akashusha lenzi taratibu hadi gizani, akaweka ya kikomo cha chini. Leza akaipanga ianze hafifu isiufifishe utumbo huu, iongezeke kadiri inavyozama, ipige picha themanini, tabaka kwa tabaka. Kisha akakunja mikono, akawa anamtazama Gaudiose badala ya skrini. Picha zikajipanga, utumbo mzima ukatokea kwenye skrini ukizunguka, vifuko vikiwaka ukutani mwake.

"Ishirini na tatu!" Gaudiose alipiga kelele, machozi yakimlengalenga.

"Hesabu tena," fundi alisema, akitabasamu. "Iko moja imejificha nyuma."