Jiwe la Sakafu ya Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Tinde nikamkuta mjomba anamwaga saruji kwenye nyumba ya bibi. Sikupinga. Bibi amezeeka, magoti hayamruhusu tena kuinama, na nani sasa wa kumsiribia sakafu yake? Lakini niliposimama mlangoni na kunusa ule ubichi wa saruji, nilinywea. Harufu niliyokuwa nimeifuata ilikuwa imeshakwenda zake.

Kama hukukulia kwa wafugaji, nikikuambia harufu hiyo ni ya mavi ya ng'ombe utakunja pua. Kunja tu. Kila Jumamosi asubuhi tuliyazoa zizini, tukayachanganya na udongo na majivu, tukapaka sakafu nzima kwa viganja. Kisha bibi alipiga magoti na jiwe lake la duara, zito, kubwa kama chungwa, akasugua mpaka sakafu ikang'aa. Shwa, shwa, shwa. Sisi tulikaa nje na uji wa mtama tukimsikiliza, na ole wake atakayekanyaga kabla haijakauka. Mawe ya aina hiyo alikuwa nayo mawili. Mama yake aliyaokota korongoni alipokuwa akichunga.

Zizini ndiko nilikosomea, ingawa sikujua kama nasoma. Bibi alinionyesha dundu weusi wanaoviringisha madonge ya mavi na kuyazika, kila donge na yai lake. Donge lenye tundu, alisema, mtoto ameshatoka. Lisilo na tundu, mtoto bado amelala, usilikanyage. Akaniambia pia kwamba pasipo na dundu mavi hukaukia juu, na majani ya malisho hayaoti vizuri.

Mjomba huyo huyo enzi hizo alikuwa mchimbaji huko Masumbwe. Siku moja alikuja nyumbani na mfuko wa mawe, akayatwanga kwenye kinu cha chuma, akayaosha kwenye karai, na chini kikabaki kichembe cha njano. Wiki nzima sisi watoto hatukuacha jiwe likiwa zima. La bibi lilikuwa zito kuliko yote, tena na wekundu wa kutu, ambao mjomba alisema ni dalili nzuri. Nikangoja bibi aende mnadani, nikalipiga nyundo.

Halikuwa na dhahabu. Ndani kulikuwa na kijumba laini, na humo kitu cha jiwe kimejikunja, kina kibiongo na mikunjo mikunjo mwilini. Sikukijali. Nikatwanga vyote, nikaosha, nikamwaga karai jalalani. Bibi aliporudi hakunichapa. Aliokota kipande kilichoruka pembeni, akakigeuzageuza, akaingia ndani. Jiwe la pili sikuliona tena, wala sikuthubutu kuliulizia. Afadhali angenichapa.

Leo kazi yangu ni hiyo hiyo, wadudu waliogeuka mawe. Nachunguza miguu yao, taya zao na makazi yao, nijue walikula nini na waliishi na nani. Madonge ya dundu yaliyogeuka mawe nimeshapima mengi. Donge likiwa kubwa, najua hapo walipita wanyama wakubwa wa kula majani, zamani sana kabla ya ng'ombe wa kwanza. Lakini yote niliyoyapata yana tundu. Buu zima, na kibiongo chake, nimeliona mara moja tu maishani, ndani ya jiwe la bibi, nikalitwanga.

Siku ile ya saruji nilikaa miguuni pa bibi nikamweleza yote haya, na msamaha nikaomba, miaka yote hiyo imepita. Alisikiliza hadi mwisho, akamtuma mjomba amletee sanduku lake la nguo. Akatoa jiwe la pili, limefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikaligeuza pande zote. Halikuwa na tundu.

"Saruji haitaki mkono wa mtu," bibi akasema. "Lichukue, ng'wanawane, mwanangu. Ila nyundo uiache."

Niliiacha. Wenzangu kazini walitaka tulikate kwa msumeno, maana ndivyo tunavyofanya siku zote, nikakataa. Nikalipeleka hospitali, kwenye ile mashine inayompiga mtu picha za ndani bila kumpasua. Mhudumu alicheka, akalilaza kwenye kitanda cha wagonjwa. Kwenye kioo kikatokea kijumba, na ndani yake buu limejikunja, kibiongo juu, taya zimefumba. Nakiri nililia kidogo.

Nikampigia bibi simu. Nikamwambia mtoto yumo.

Nyuma yake nilisikia ufagio ukipita juu ya saruji, sauti kavu tu. Zizi la pale limebaki na ng'ombe watatu, na watoto wanaocheza uani siku hizi hawajui dundu anazika nini.

"Basi usimwamshe," bibi akasema.