Watoto wa Ng'ambo ya Korongo

Nilishuka kutoka milima ya Lutindi nikiwa msichana aliyemaliza shule juzi tu, nikapelekwa kuwa karani wa kijiji cha ujamaa huko Handeni. Nilizoea ukungu, nikakuta jua kali, vumbi jekundu na nyumba mpya zilizopangwa kwa mistari, kila moja ikiwa na namba ya rangi nyeupe juu ya mlango. Watu walikuwa wamehamia karibuni kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, na wengi walikuwa hawajafahamiana bado.

Mimi nilitunza daftari la kaya: namba ya nyumba, mkuu wa kaya, na wote wanaolala humo na umri wao. Zahanati ilikuwa na daftari lake, la watoto waliochanjwa. Lilitunzwa na nesi, mama wa makamo kutoka Kerenge, aliyenipokea kama mwanawe.

Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu bila hata kukaa.

"Mwanangu, surua iko vijiji vya jirani. Korogwe wananiletea chanjo keshokutwa, na barafu haitadumu. Nataka kujua nani hajachanjwa."

"Si wamo kwenye daftari lako, mama?"

"Langu linanionyesha waliokuja. Wasiokuja nitawaonaje?"

Tukaweka madaftari mawili mezani, tukaanza kutafuta kwa majina. Tulikwama papo hapo. Mtoto niliyemwandika kwa jina la shule, kwa nesi alikuwa na jina la Kizigua analoitwa na bibi yake. Mabinti wawili wa jina moja tuliwafanya mtu mmoja, mpaka nesi akakumbuka kwamba mmoja wao bado anabebwa mgongoni.

"Hii ni nini hapa pembeni?" nikamuuliza. Kila mstari wake ulianza na namba ndogo.

"Ya nyumba. Mtoto akipata homa baada ya sindano, nijue pa kumfuata."

Namba zile zile zilikuwa kwangu. Tukaachana na majina. Nilichukua karatasi kubwa, nikaandika kila nyumba na watoto wake wote, nesi akanisomea kutoka kwake, nyumba kwa nyumba, tukilinganisha umri. Aliyepatikana nilimwekea tarehe ya chanjo. Asiyepatikana nilimwacha palepale, na nafasi wazi mbele yake. Siku hizi kompyuta hufanya kazi hiyo kabla hujapepesa macho. Mjukuu wangu amenionyesha, na bado nywele zilinisimama.

Kwa maana siku ile, karatasi ilipojaa, nilihisi mwili unanisisimka. Madaftari yale niliyashika kila siku, na hakuna hata moja lililojua kilichokuwa mbele yetu. Nafasi wazi hazikutawanyika. Karibu zote zilikuwa za safu ya mwisho, ng'ambo ya korongo.

"Subhanallah," nesi akanong'ona. "Mtaa mzima."

Tulikwenda mchana ule ule. Nyumba ya kwanza tulimkuta bibi mmoja akipepeta mahindi, wajukuu wanne wakicheza mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Nesi akamuuliza kwa nini hakuwaleta watoto zahanati kilipopigwa chuma cha kuwaita wanakijiji.

"Chuma?" Bibi alishangaa. "Hicho si cha kutuita shamba la kijiji? Huku tunasikia mlio tu, maneno yanayotangazwa hayafiki. Nikasema, miguu yangu hii, shamba waende wenye nguvu."

Sanduku la chanjo lilipofika, nesi alilivusha korongo akiwa amelibeba kichwani, na sindano zikaanzia kwa wajukuu wa bibi yule.

Baada ya mavuno, nyumba ya jirani yake ilipata mgeni mwenye mtoto. Mtoto yule aliamka na vipele na macho mekundu: surua, na alikuwa ameshacheza siku nzima na wajukuu wa bibi, wakila sahani moja. Nesi alimhamishia mgonjwa zahanati, akamuuguza mpaka akapona. Mimi kila asubuhi nilivuka korongo kuwatazama wale wanne. Sikuwakuta hata mara moja wamelala. Walikuwa wakikimbizana kwenye vumbi, wakinipita bila kunijali, nami nasimama pale nikiwatazama kwa muda mrefu, nimesahau kilichonipeleka.